Nusselt inatoka 135 badala ya 40 kwenye boksi la konveksheni ya hewa, joto linaenda wapi?

bamba_moto

Wakuu heshima kwenu. Kuna boksi la konveksheni (hewa inayobeba joto kwa kuzunguka) linanisumbua, nimeshabadilisha kila waya unaobadilishika na majibu ni yale yale, naomba mwenye uzoefu na majaribio ya hewa anisaidie.

Boksi lenyewe liko hivi. Chini kuna bamba la alumini mita 1 kwa mita 1, nene, lina hita ya mpira imegandishwa upande wa chini na chini yake foamu ngumu ya sentimita 5. Juu kuna bamba lingine kama hilo linapozwa na maji yanayozunguka. Katikati ni hewa ya kawaida, kimo sentimita 50, kuta za pembeni ni akriliki na nje yake nimezungushia foamu. Chini naweka nyuzi 35, juu nyuzi 15, chumba kiko 25 makusudi ili wastani wa ndani na wa nje ulingane. Mabamba yote mawili upande unaotazama hewa nimeyapaka rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu napiga picha za moshi kwa leza na alumini tupu inarudisha mwanga mpaka picha inakuwa nyeupe yote.

Sasa shida. Kwa hizo nyuzi 20 za tofauti Rayleigh yangu (namba inayopima nguvu ya joto kuikoroga hewa) ni kama 2.4 × 10^8, hapo hewa iko kwenye tabulensi tayari, yaani inavurugika ovyo. Fomula ya Globe na Dropkin ya 1959 inanipa Nusselt (joto linalopita ni mara ngapi ya lile ambalo lingepita hewa ikiwa imesimama) kama 42, fomula nyingine zinapanda mpaka karibu 50. Mimi hita inakula wati 140 ikishatulia, ukigawanya na joto ambalo lingepita kwa hewa iliyosimama (wati 1 na kitu kidogo tu kwa boksi hili) inakuja 135. Yaani mara tatu na zaidi! Nikishusha tofauti mpaka nyuzi 5 inakula wati 31, Nusselt inakuwa 119. Kwa hiyo sio kwamba inaruka ruka, iko thabiti kabisa ila iko juu.

Kitu cha pili, thamokapo (waya wa kupimia joto) ninayoipandisha kutoka chini kwenda juu inasoma karibu nyuzi 25 sehemu yote ya katikati, inabadilika kwenye milimita chache tu karibu na bamba, kama 6 hivi. Nilitegemea mstari ulionyooka kutoka 35 mpaka 15. Hivi thamokapo imekufa au?

chepe_la_umeme

Mkuu kabla ya fizikia anza na umeme. Hiyo hita unaiendesha kwa nini? Kama ni dima ya taa au kontrola inayokatakata umeme, multimita ya kawaida inakudanganya vibaya, unazidisha volti kwa ampea unapata wati ambazo hazipo. Nimeona watu wanahangaika na nadharia wiki nzima kumbe ni mita.

bamba_moto

Ni DC safi mkuu, pawa saplai ya benchi, volti napima kwenye miguu ya hita yenyewe sio kwenye saplai. Ukinzani wa hita pia nimeupima baridi na moto, haubadiliki kitu.

mzee_wa_maabara

Kijana hongera kwa maelezo kamili, wengi wanakuja hapa wanasema "haifanyi kazi" basi.

Thamokapo yako haijafa, hiyo ndiyo konveksheni ya tabulensi yenyewe. Hewa ya katikati inakorogwa sana kiasi kwamba joto lake linakuwa karibu moja, tofauti yote inabanwa kwenye matabaka mawili membamba, moja limelala juu ya bamba la chini na lingine limening'inia chini ya bamba la juu. Kwenye hayo matabaka hewa inatambaa polepole na joto linapita kwa mpitisho kama kawaida (bila kubebwa na hewa inayosafiri), halafu kila mara kipande cha tabaka kinanyanyuka kinakimbia juu, na cha juu kinadondoka. Mstari ulionyooka utauona kwenye nafasi ndogo kabla konveksheni haijaanza. Mabamba mawili magumu yanahitaji Rayleigh ivuke 1708, kwa hewa ya nafasi ya sentimita 1 na tofauti ya nyuzi 10 hata hufiki elfu moja, hewa inakaa imetulia kabisa.

Kuhusu wati, kuna kinachovuja. Chini ya hita una foamu sentimita 5, tofauti na chumba nyuzi 10, hapo ni kama wati 7. Kingo za bamba nazo zinavuja, weka wati 15 jumla. Dawa yake ni hita ya ulinzi: bamba la pili chini ya foamu, unalipasha liwe na nyuzi zile zile za bamba kuu, joto likikosa tofauti haliendi popote. Ila nikiwa mkweli wati 15 haziwezi kueleza ziada ya karibu 95, kwa hiyo kuna jambo lingine kubwa zaidi hapo.

kelvini298

Shikamoo mzee. Hilo jambo kubwa lipo kwenye maelezo yake mwenyewe: RANGI NYEUSI.

Mkuu bamba_moto, hewa haizibi mionzi ya joto. Bamba la chini linaliona bamba la juu moja kwa moja kama vile katikati hakuna kitu, kwa hiyo una njia mbili za joto zinazokwenda sambamba, moja ni hewa inayozunguka na nyingine ni mionzi, na hita yako inalipia zote mbili bila kukwambia. Piga hesabu. Bamba jeusi kwenye nyuzi 35 linatoa kama wati 510 kwa kila mita ya mraba, la juu kwenye nyuzi 15 linarudisha kama 390. Tofauti ni 120. Sio zote zinafika juu kwa sababu mabamba yako yana nafasi ya nusu mita na sehemu inagonga kuta, lakini kuta za akriliki zinameza na kutoa tena, ukiweka hilo kwenye hesabu unabaki na kama wati 80. Konveksheni yenyewe kwa Nusselt 42 ni wati 44 tu.

44 jumlisha 80 jumlisha 15 za mzee, hiyo hapo 139.

Ndiyo maana wanaotumia maji hawana huu mjadala, maji yanameza mionzi ya joto ndani ya unene mdogo sana, bamba la chini halilioni la juu. Afu konveksheni ya maji inabeba joto jingi mno kiasi kwamba mionzi hata ingepita isingeonekana. Hewa inabeba kidogo, kwa boksi lako kama wati 2.2 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja, na mionzi kati ya nyuso nyeusi zinazotazamana kwa karibu ni kama 6. Ndio hali ya hewa ilivyo, kitu unachokipima ni kidogo kuliko mionzi.

hewa_ya_juu

Samahani wakuu mimi hapa sijaelewa, mionzi kwenye nyuzi 35?? mionzi ya joto si mambo ya jua na chuma kilichoiva mpaka chekundu, kitu cha nyuzi 35 ukikigusa hata hausikii kama ni cha moto. Na kama rangi nyeusi ndiyo tatizo si apake nyeupe tu yaishe

kelvini298

Kila kitu kinatoa mionzi mkuu, hata barafu inatoa. Chuma chekundu unakiona kwa macho kwa sababu sehemu ya mionzi yake imeingia kwenye mwanga, cha nyuzi 35 mionzi yake yote iko kwenye infraredi, mawimbi ya mikroni 10 hivi. Na kinachohesabika ni kelvini, 308 kwa 288, hizo sio namba ndogo ukizipandisha kipeo cha nne.

Kuhusu nyeupe, hapo ndipo wengi wanapokwama. Rangi nyeupe ya kawaida kwenye mawimbi hayo ni nyeusi vile vile, emisiviti yake (uwezo wa uso kutoa mionzi, 1 ndio mweusi kamili) iko kwenye 0.9 kama nyeusi. Jicho linaona nyeupe, infraredi haioni. Hata akriliki unayoona kupitia ndani yake, kwa infraredi hiyo ni ukuta mzito. Hata alumini iliyofanyiwa anodaizi haikusaidii, emisiviti inapanda sana. Kinachosaidia ni chuma kitupu kinachong'aa: alumini iliyosuguliwa vizuri au foili mpya iko karibu 0.05, na mabamba yote mawili yakiwa hivyo zile wati 80 zinashuka mpaka 3 hivi.

mteremko

Jamani hata bila kujua habari ya rangi, data ya bamba_moto ilishasema. Angalieni namba zake mbili.

Kutoka nyuzi 5 kwenda 20 Rayleigh imepanda mara nne. Nusselt ya kweli inatakiwa kufuata Rayleigh iliyopandishwa kipeo karibu na 0.3, yaani mara 1.5 na zaidi. Yake imetoka 119 ikaenda 135, hiyo ni mara 1.13, kipeo kinatoka 0.09! Hakuna tabulensi yenye tabia hiyo. Maana yake sehemu kubwa ya joto inakwenda kwa njia inayopanda sawasawa na tofauti ya nyuzi, na mionzi kwa tofauti ndogo inafanya hivyo hivyo, na kuvuja pia.

Kwa hiyo mnaweza kuvitenganisha. Gawanya wati kwa tofauti: 140/20 ni 7.0 na 31/5 ni 6.2. Konveksheni ukiigawanya kwa tofauti inabaki na kipeo 1/3, vingine vyote vinabaki namba moja isiyobadilika. Chora 7.0 na 6.2 dhidi ya mzizi wa tatu wa tofauti (2.71 na 1.71), mteremko ni karibu 0.8, mstari unakata mhimili kwenye kama 4.8. Hiyo 4.8 ndiyo mionzi na kuvuja kwa pamoja, kwa nyuzi 20 ni wati 97. Konveksheni inabaki 2.16 mara 20, wati 43. Nusselt 42.

Afu kuna ushahidi mwingine umelala pale kwenye thamokapo. Unene wa tabaka la chini unakaribia kimo kugawanya kwa mbili mara Nusselt. Milimita 500 kwa 84 ni 6, ndio alichopima. Kama Nusselt ingekuwa 135 kweli tabaka lingekuwa chini ya milimita 2. Thamokapo haijali mionzi imebeba nini kati ya mabamba, inasoma hewa tu, na hewa inasema 42.

bamba_moto

Aisee. Kumbe thamokapo niliyoishuku ndiyo iliyokuwa inasema kweli. mteremko nakushukuru sana, hiyo ya mzizi wa tatu naiweka ukutani.

mzee_wa_maabara

Marahaba kelvini298. Mteremko hesabu ni nzuri lakini naweka tahadhari moja kabla kijana hajaiandika kwenye ripoti.

Umedhani kipeo ni 1/3 ndipo ukatenganisha. Sasa rudia na kipeo 0.285 uone, Nusselt inaruka mpaka 47 bila data kubadilika hata chembe. Kwa hiyo njia hiyo inafaa kujua kwamba mionzi ipo na ni kubwa kiasi gani, haifai hata kidogo kuthibitisha kipeo, maana kipeo ulikiweka mwenyewe mlangoni. Na kipeo ndicho watu wanachogombania tangu zamani. Malkus mwaka 1954 alikuja na 1/3, hoja yake kwa ufupi ni kwamba tabaka la chini halijui bamba la juu liko wapi. Kraichnan mwaka 1962 akasema kwa Rayleigh kubwa mno itaelekea 1/2, kwa kuwa tabaka lenyewe nalo litaingia tabulensi. Halafu 1989 kundi la Chicago wakapima gesi ya heli ya baridi kali wakapata karibu 2/7, na watu wakashtuka kwa sababu haikuwa 1/3. Sasa 2/7 ni 0.286 na 1/3 ni 0.333. Kutofautisha hizo mbili unahitaji Nusselt safi kwa asilimia chache na Rayleigh inayopanda mara elfu na zaidi. Mtu mwenye wati 97 za pembeni na wati 43 za kweli asijaribu hata kuongelea kipeo, akikosea hizo 97 kwa asilimia 5 tu Nusselt inakwenda na maji kwa asilimia zaidi ya 10.

Ndiyo maana majaribio ya hewa ya kupima kipeo sio mengi kama ya maji na heli, lakini ya kupima mtiririko wenyewe yapo na ni mazuri. Deardorff na Willis mwaka 1967 walifanya ya kwao kwenye hewa kati ya mabamba yaliyolala, wakapima joto na kasi zinavyochezacheza, kazi ambayo watu wa angahewa bado wanaitumia. Na kule Ilmenau Ujerumani kuna pipa la hewa lenye kipenyo cha mita 7.15 na kimo kinachofika mita 6.3, mtu anaingia ndani na kusimama. Uzuri wa pipa kubwa ni kwamba tabaka la mpakani linakuwa nene kidogo, kitambuzi kidogo kinaweza kuingia ndani yake kikapima bila kulivuruga. Kwenye boksi dogo la heli tabaka ni jembamba mno, Rayleigh unayo kubwa lakini huoni kinachotokea ndani.

hewa_ya_juu

kwa hiyo ili kupata Rayleigh kubwa ni kujenga pipa kubwa tu? au kuongeza moto?

mzee_wa_maabara

Kuongeza moto hakusaidii sana na kuna gharama. Rayleigh inapanda sawasawa na tofauti ya nyuzi, lakini kwa kimo inapanda kipeo cha tatu. Boksi la kijana lingehitaji kimo cha mita 8 kufika 10^12 kwa nyuzi zile zile 20. Ukipandisha nyuzi mpaka 60 au 80, hewa ya chini na ya juu inakuwa si hewa moja tena, mnato na uzito vinatofautiana, fomula zote zinazodhani hewa ina tabia moja zinaanza kupinda.

Njia ya tatu ni presha. Gesi ukiibana msongamano ukapanda mara kumi, Rayleigh inapanda mara mia. Göttingen, Ujerumani, wanatumia gesi nzito ya SF6 ndani ya tangi la presha mpaka karibu bar 19, boksi lao lina kimo cha mita 2.24 tu na mwaka 2012 walitoa matokeo yanayoonyesha mabadiliko ya kuelekea hali ile ya kipeo 1/2 ya Kraichnan. Wengine wana mashaka, kwa sababu heli ya Oregon ya mwaka 2000 ilifika Rayleigh 10^17 na mstari ukaendelea na kipeo cha 0.31 hivi bila kupinda. Mimi upande wangu nasubiri, sijaona bado kitu kilichofunga mjadala.

bamba_moto

Wakuu mrejesho. Nimefunika mabamba yote mawili kwa foili ya alumini yenye gundi, nikaisugua vizuri na kitambaa isibaki na mapovu. Wati zimeshuka kutoka 140 mpaka 63 kwa nyuzi zile zile!! Nilikaa naangalia kontrola inavyopunguza nikadhani hita imekatika.

Nina maswali sasa. Moja, picha za moshi nitafanyaje maana leza inapiga foili inawaka kama kioo. Mbili, hizo 63 bado zina kuvuja ndani yake, kuna njia ya kupima huko kuvuja bila kujenga hita ya ulinzi? Tatu, asubuhi nimekuta bamba la juu lina matone madogo madogo, hayo ni kawaida?

kelvini298

La kwanza ni jepesi: paka ukanda mwembamba tu pale karatasi ya leza (mwanga wa leza uliotandazwa bapa) inapogusa bamba, sentimita 3 upana inatosha kabisa. Eneo lake ni asilimia 3, mionzi yake haiwezi kuzidi wati 4 hata ukadirie vibaya vipi. Ukuta wa nyuma paka mweusi wote, ule ni akriliki, kwa infraredi ulishakuwa mweusi tangu siku umeununua. Na moshi usiuingize ukiwa moto, moshi wa ubani unapanda wenyewe kabla ya konveksheni yako haijaubeba, utapiga picha ya ubani. Upitishe kwenye chupa upoe kwanza, au tumia matone madogo ya mafuta.

La matone: hapana, sio kawaida, ni adui. Bamba lako liko nyuzi 15. Hewa ya nyuzi 25 ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 54 hivi inaanza kudondosha umande juu ya kitu cha nyuzi 15. Na utando wa maji juu ya foili ni emisiviti ya karibu 0.95, kwa hiyo foili yako nzuri inageuka tena kuwa rangi nyeusi bila wewe kujua, achilia mbali joto linalobebwa na mvuke wenyewe ukigeuka maji. Ziba boksi vizuri na weka mfuko wa silika jeli ndani kwenye kona. Wengine wanapandisha tu nyuzi zote, juu 25 chini 45, umande unaisha, ila hapo wastani wa ndani unakuwa 35 na chumba 25 na kuta zako zinaanza kuvuja upande mmoja. Mimi ningeenda na silika jeli.

mteremko

La kuvuja: PINDUA BOKSI. Namaanisha lote na foamu zake, bamba la moto liwe juu na la baridi liwe chini. Hewa ya moto ikiwa juu haina pa kwenda, konveksheni inazima, kinachopita kwa hewa ni mpitisho mtupu, wati 1 tu kwa boksi lako. Wati zote zinazobaki ni kuvuja na mionzi. Zitoe kwenye 63 umemaliza.

mzee_wa_maabara

Ni njia nzuri na ya bei rahisi, nimeitumia. Ila sio sawa asilimia mia. Boksi likiwa linakoroga, kuta karibu zote zina joto la wastani. Likipinduliwa, ukuta unakuwa moto juu na baridi chini kwa mstari, kwa hiyo kiasi kinachopita ndani ya ukuta wenyewe kutoka bamba moja hadi lingine sio kile kile. Akriliki inapitisha joto kama mara saba ya hewa, na kioo ndio kibaya zaidi, mara arobaini hivi. Kuta zikiwa nyembamba hilo ni dogo, zikiwa nene andika pembeni kama mashaka yako.

Kama unataka kuhakiki kwa upande wa pili, pima joto linalotoka na maji ya juu. Shida ni hii: maji ya lita 2 kwa dakika yakibeba wati 140 yanapanda nyuzi 1 tu, kwa wati 63 hata nusu nyuzi hayafiki, kwa hiyo unahitaji vitambuzi viwili vilivyolinganishwa vizuri sana. Ukipunguza maji ili yapande zaidi, bamba la juu linakuwa na upande wa baridi na upande wa moto, na upepo mkubwa wa ndani ya boksi utapanga mwelekeo wake kufuata huo. Utakuja kutuuliza hapa kwa nini upepo wako hauzunguki upande mwingine.

bamba_moto

Nimeelewa mzee wangu. Na thamokapo ninayotumia ina kichwa cha nusu milimita, inafaa kwa tabaka la milimita 6?

kelvini298

Kwa wastani inafaa faa, kwa kupima joto linavyochezacheza haifai. Kichwa cha nusu milimita kwenye hewa tulivu kinachukua kama sekunde 3 kuitika, na vipande vya hewa moto vinapita kwa kasi ya sentimita 10 hivi kwa sekunde, vingi vitapita hata hakijashtuka. Utaona mstari laini kumbe umesuguliwa na thamokapo. Waya wa mikroni 25 unaitika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Pia ulaze waya uende sambamba na bamba kwa sentimita kadhaa kabla ya kupinda juu, ukiuleta wima kutoka juu unabeba joto la juu mpaka kwenye ncha na karibu na bamba ndio utadanganyika zaidi.

bamba_moto

Na nisubiri muda gani kabla ya kuanza kurekodi? mimi naona wati zinatulia baada ya kama saa moja

mzee_wa_maabara

Zinaonekana zimetulia. Foamu na akriliki ni vizito kwa joto, vinaendelea kumeza kidogo kidogo kwa saa nyingi. Washa jioni, rekodi kuanzia asubuhi, na urekodi kwa saa kadhaa mfululizo, maana mzunguko mkubwa wa ndani unayumba na wakati mwingine unageuka kabisa, ukichukua dakika kumi unaweza kuwa umepima hali moja tu ya upepo. Halafu gawa data yako nusu kwa nusu, kama nusu ya kwanza na ya pili zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia moja basi bado.

mteremko

Na ukirekodi usiishie 5 na 20 tu mkuu, weka 8, 11, 15 hapo katikati. Mstari wa nukta mbili hauwezi kukosea hata kama data yote ni mbovu. Ukishapata na ile ya boksi kupinduliwa zitupie humu zote, na zile za rangi nyeusi usizifute, tutazihitaji kulinganisha.